Kitambi Si Cheo: Tuuelewe Unene wa Wanaume Katika Sharika Zetu

Katika robo mwaka hii tumeulizwa swali moja mara mbili, na wote wawili waliouliza walikuwa na haki ya kuuliza. Mfadhili mmoja alituandikia kwamba anaelewa kwa nini tunapima watoto wenye utapiamlo, lakini haelewi kwa nini tumenunua mizani ya watu wazima na kuanza kuwapima akina baba. Siku chache baadaye mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa juu mlimani alitushika mkono baada ya ibada, akacheka, akasema, "Mratibu, sasa mnataka kutukondesha? Watu watasemaje?"

Makala hii ni jibu kwa wote wawili.

Kilichotufikisha hapa

Kwa muda usiofika miaka miwili, katika sharika zilizo jirani, tumewazika wanaume watatu waliokuwa nguzo za kamati zao. Hakuna aliyefikisha miaka 60. Wawili walipatwa na kiharusi, mmoja alifariki kwa kisukari kilichokuwa kimekwisha kuharibu figo. Mmoja wa waliopatwa na kiharusi alianguka akiwa amesimama kunadi mkungu wa ndizi katika mnada wa Jumapili, watu wakadhani anatania. Wote watatu walikuwa watu wa "afya", kama tunavyosema huku kwetu tukimwona mtu mwenye shingo nene na shati lililobana tumboni. Kwa kadiri familia zao zilivyotueleza, hakuna aliyewahi kupimwa presha akiwa mzima.

Si jambo la sharika zetu tu. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kuwa karibu robo ya watu wazima walikuwa na uzito uliozidi, karibu robo walikuwa na shinikizo la juu la damu, na takribani asilimia 9 walikuwa na kisukari. Mwaka 2014 watafiti waliwapima watu wazima wa Moshi mjini na Moshi vijijini, wakakuta asilimia 28 wana presha ya juu. Na mapema zaidi, utafiti uliochapishwa mwaka 2000, uliohusisha kijiji kimoja cha Wilaya ya Hai pamoja na Ilala, Dar es Salaam, ulionyesha kuwa kati ya wenye presha, hata mmoja kati ya watano hakufika aliyejua kuwa anayo.

Msomaji makini atatuuliza: mbona wanawake ndio wengi zaidi kati ya wanene? Ni kweli, takwimu za nchi yetu zinasema hivyo. Lakini mama hukutana na mizani na kipimo cha presha kila anapokuwa mjamzito. Baba wa miaka 45 anaweza kumaliza miaka 20 bila kukanyaga zahanati isipokuwa kumpeleka mtoto. Sababu ya pili ni mahali mafuta yanapokaa, nalo tutalieleza hapa chini.

Kwa mfadhili wetu tunaongeza hivi: watoto waliodumaa bado tunao, na kazi hiyo haijaachwa. Ila siku hizi tunawakuta katika nyumba moja, mtoto aliyedumaa na baba mwenye kitambi. Baba huyo akipata kiharusi, ada ya shule, mbolea ya migomba na chakula cha mtoto yule vyote vinakwenda hospitali. Mtu ambaye figo zake zimekufa kwa kawaida huhitaji kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, maisha yake yote, asipopata figo nyingine. Kihamba hakiwezi kubeba gharama hiyo. Mizani moja, utepe wa fundi cherehani na mashine ya kupima presha vinaweza kuhudumia usharika mzima kwa miaka.

Tulivyofika kwenye kitambi

Babu zetu hawakuwa na hekima ya chakula kuliko sisi. Walikuwa na kazi. Mwanaume alichimba na kusafisha mfongo ili maji yafike kihambani, alipogoa kahawa, alishuka kwa miguu hadi mashamba ya tambarare kulima mahindi, kisha akapanda mlima kurudi nyumbani. Mtori na ndizi nyama vilikuwa na pa kwenda.

Mwaka 1989 mpango wa kimataifa wa mgawo wa kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Vihamba navyo vimegawanywa kwa watoto na wajukuu hadi vingine havitoshi hata kufuga ng'ombe wawili. Akina baba wengi waligeukia biashara, udereva na kazi za ofisini Moshi, Arusha na Dar es Salaam. Hatusemi walikosea, maana watoto wamesoma kwa kazi hizo. Ila mwili uliozoea kupanda mlima sasa unakaa kwenye kiti kuanzia asubuhi, na jioni bodaboda inamfikisha mtu mlangoni. Njia iliyomgharimu babu saa nzima ya jasho inachukua dakika kumi.

Chakula nacho kimebadilika, hasa kile kinacholiwa nje ya nyumba. Ndizi, maharage, mboga za majani na parachichi la kihambani si adui, ingawa wapo wanaoambiwa mjini waache ndizi, wakirudi wanakula chipsi! Tuangalie vitu vitatu vinavyoingia bila kuhesabiwa.

Kwanza ni vinywaji vitamu. Chai yenye vijiko vitatu vya sukari, vikombe vitatu kwa siku, ni takribani gramu 36 za sukari, sawa na kalori kama 145. Soda moja ya chupa ya kawaida ina kiasi kinachokaribia hicho. Pili ni pombe. Bia ya nusu lita ina takribani kalori 200. Mbege, kwa kuwa imetengenezwa kwa ndizi mbivu na ulezi, ni chakula na kinywaji kwa pamoja, na kata moja haihesabiwi na mtu kama mlo, ingawa tumbo linaihesabu. Tatu ni mafuta ya kukaangia: kijiko kimoja kikubwa kina kalori kama 120, na sahani ya chipsi mayai haikaangwi kwa kijiko kimoja.

Sasa tuchukue baba anayekunywa bia mbili jioni, siku tano kwa wiki. Hizo ni kalori 2,000. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori zipatazo 7,700. Kwa hesabu ya karatasi, ni karibu kilo moja kwa mwezi. Katika maisha halisi huongezeka polepole zaidi, kwa sababu mwili mkubwa nao hutumia nguvu nyingi zaidi, lakini mwelekeo ni huo huo. Na kutembea saa nzima kwa mwendo wa kawaida kunatumia kalori kama 300 kwa mtu wa kilo 80. Ndiyo maana anayesema "nitakunywa, kesho nitatembea" mara nyingi anashindwa hesabu.

Kisha kuna Desemba. Wasomaji wetu wa ng'ambo wajue kwamba kuelekea Krismasi watu wetu hurudi mlimani kutoka kila pembe ya nchi, barabara ya kutoka Dar es Salaam ikajaa magari, na kila ukoo ukachinja. Kuna harusi, kipaimara, ubatizo, vikao vya familia. Kukataa sahani ya mama mkwe ni kumtukana, na kukataa kata ya mbege kwa shemeji ni ugomvi. Wiki mbili hizo peke yake haziui mtu. Tatizo ni kwamba kilo zinazopatikana Desemba mara nyingi haziondoki zote Januari, na mwaka unaofuata zinaongezewa nyingine.

Hofu ya kukonda

Mzee aliyetuuliza "watu watasemaje" hakuwa akitania. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa nchini kwetu, mkoani Kagera, mwaka 1983, kukonda kumebeba maana nzito. Tulioishi miaka ya 1990 tunakumbuka: mtu akipungua, watu walinong'ona. Suruali ikianza kupwaya, mke aliulizwa maswali sokoni. Unene ukawa cheti cha afya kinachoonekana na kila mtu, na kwa mwanaume ukawa pia ushahidi kwamba biashara inakwenda vizuri na mke anamtunza.

Hofu hiyo haiondolewi kwa kuikemea. Tumeona inasaidia watu wakipunguza pamoja, na usharika ukajua wanafanya nini. Mmoja akipungua peke yake ni habari ya kunong'ona, lakini kwaya nzima ya wanaume ikipungua, watu watauliza wamefanyaje. Aidha, siku hizi anayeishi na VVU na kutumia dawa vizuri anaweza kuwa na mwili kama mtu mwingine yeyote, na hata baadhi ya dawa zinazotumika sasa, zenye dolutegravir, zimeonekana kuongeza uzito kwa baadhi ya watu. Anayeona hivyo asiache dawa hata siku moja. Aieleze kliniki yake.

Kuna jambo moja hatutaki lieleweke vibaya. Kupungua bila kukusudia ni jambo jingine kabisa. Anayekonda huku ana kiu nyingi na anakojoa mara kwa mara, au anakohoa na kutoka jasho usiku, asifurahie suruali kupwaya. Aende hospitali.

Kinachotokea ndani ya mwili

Si mafuta yote yana tabia moja. Yale ya nyonga na mapaja, ambayo wanawake wengi huyapata kabla ya uzee, hayana madhara makubwa sana. Ya wanaume hupenda kukaa tumboni, na sehemu yake hukaa ndani kabisa, kuzunguka ini na utumbo. Mafuta haya hayatulii. Humwaga mafuta kwenye damu na kwenye ini, na kuufanya mwili usiisikie vizuri insulini, ile homoni inayoingiza sukari kwenye misuli. Kongosho linalazimika kutoa insulini zaidi na zaidi kwa miaka, mpaka linachoka. Hapo ndipo sukari inapopanda.

Wakati huo huo moyo unasukuma damu katika mwili mkubwa zaidi, figo zinashika chumvi na maji, na presha inapanda. Mwenye presha kwa kawaida hasikii chochote, na ndiyo sababu marafiki zetu watatu hawakujua.

Yapo pia mengine ambayo wanaume huyasema wakibaki peke yao. Kukoroma sana na kukata pumzi usingizini, kisha kusinzia mchana hata kwenye usukani. Jongo linalovimbisha kidole gumba cha mguu usiku, hasa baada ya nyama choma na bia. Magoti kuuma wakati wa kushuka mlima. Na kupungua kwa nguvu za kiume, ambako watu wengi hulaumu ndugu au jirani kabla ya kufikiria mishipa ya damu na sukari. Tunaliandika waziwazi kwa sababu katika semina zetu hili ndilo lililowafanya akina baba waache kucheka na kuanza kuuliza maswali.

Jinsi ya kujipima

Hospitalini hugawanya uzito kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.70 mwenye kilo 85: 1.70 mara 1.70 ni 2.89, na 85 gawanya kwa 2.89 ni 29.4. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Kipimo hiki kina kasoro. Mpagazi anayebeba mizigo Kilimanjaro anaweza kuonekana mzito kwa sababu ya misuli, na karani mwembamba wa mikono anaweza kuonekana salama huku ana kitambi.

Kwa hiyo tunapenda zaidi utepe. Pima tumbo likiwa wazi, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi kawaida. Si pale mkanda unapopita chini ya kitambi, kama wengi walivyotaka tuwapime! Kwa mwanaume, kuanzia sentimita 94 hatari imeongezeka, na kuanzia 102 imeongezeka sana. Asiye na utepe achukue kamba ndefu sawa na urefu wake, aikunje mara mbili, aizungushe tumboni. Isipofika, kuna kazi ya kufanya. Kwa watu wafupi kamba hii ni kali kuliko ule utepe, nasi hatuoni ubaya wake.

Ofisini kwetu tulianza na sisi wenyewe. Wanaume tuko watano, na watatu tulipita 94. Hatutawataja, ila mwandishi hajajitoa.

Presha ya 140 kwa 90 au zaidi, ikipimwa zaidi ya siku moja, inahitaji daktari. Kwa sukari, kipimo cha asubuhi kabla ya kula kinachofika 7.0 nacho kinahitaji kurudiwa hospitalini. Sharika zetu hazitibu. Zinapima na kuandika barua ya kumpeleka mtu Machame, Marangu, KCMC au kituo chochote cha afya kilicho karibu naye.

Kinachosaidia kweli

Habari njema ni kwamba baba wa kilo 85 hahitaji kurudi kwenye kilo za ujana wake. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Waliosaidiwa kulenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58, zaidi ya wale waliopewa dawa. Kwa baba wetu asilimia 7 ni kilo 6 tu.

Tumeona inayoshika zaidi ni mipango midogo. Kuacha soda na kupunguza sukari ya chai kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi uzoee. Kujaza nusu ya sahani mboga na maharage kabla ya kupakua ndizi au ugali. Kula nyama lakini kuacha mafuta yake, na kuchemsha mara nyingi kuliko kukaanga. Anayekunywa pombe apunguze siku za kunywa, maana aliyeahidi "chupa moja tu" akiwa baa ni nadra kuitimiza. Kuteremka kwenye daladala kituo kimoja kabla, na kupanda nyumbani kwa miguu. Mlima tunao bure, wakati wageni wanalipa fedha nyingi kuja kuupanda.

Wanaotumia dawa za presha wasiziache kwa kuwa wameanza kutembea. Wanaotumia dawa za kisukari wazungumze na kliniki kabla ya kubadilisha sana chakula au kufunga, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla na kumwangusha mtu. Na chai za kupunguza tumbo zinazouzwa stendi hatuzishauri kabisa. Nyingi huendesha tumbo tu, na kinachopungua ni maji.

Tukubali pia ukweli mgumu. Wapo waliopungua kilo nane wakarudisha sita. Mwili hupigana kurudi ulikokuwa, njaa huongezeka, na hilo si uvivu wala udhaifu wa imani. Aliyerudisha apimwe tena bila kusimangwa.

Kamati na meza zetu

Hapa tunawageukia wanakamati. Vikao vyetu vingi vinafanyika jioni, vinachukua saa tatu, na mezani kuna soda na sambusa kwa sababu ndiyo heshima ya mgeni. Sherehe za kanisa tunawapa wazee sahani zilizojaa kuliko za vijana, ingawa wazee ndio wenye presha. Usharika mmoja umejaribu kuweka maji, ndizi mbivu na karanga za kuchemsha badala ya soda. Mwezi wa kwanza palikuwa na manung'uniko, mhasibu peke yake akifurahi. Mwezi wa tatu hakuna aliyeuliza, na fedha iliyobaki ilinunua betri za mashine ya presha.

Tunaomba kila kamati iteue watu wawili, mmoja wao awe mwanaume, tuwafundishe kupima kiuno na presha na kutunza daftari. Daftari likae kwa hao wawili tu. Namba za mtu zisisomwe kanisani hata kwa nia njema. Upimaji ufanyike baada ya ibada, karibu na mnada, kwa kuwa hapo ndipo akina baba husimama. Mizani na mashine vinaazimwa ofisini kwetu kwa barua yenye muhuri wa usharika, na foleni ya sasa ni ya wiki tatu. Sharika zinazotaka kupima kabla ya Desemba zilete barua mapema, na zieleze kama umeme upo, kwa sababu mashine moja kati ya mbili tulizonazo haitumii betri.